Mume wa Godelieve wa Miche

Kwa miaka thelathini na tatu, mtu wa bustani zetu za kando ya mto Dijle akitaka mche wa nyanya, wa liki au wa koliflawa, alikwenda kwa Achiel Wuyts. Hakukuwa na mlango mwingine wa kubisha. Achiel alifanya kazi maisha yake yote kwenye mnada wa mboga, akisukuma makasha tangu alfajiri, na macho yake yalizoea kuona kasoro ya jani kabla jani lenyewe halijajua kwamba linaumwa. Kibanda chake cha kioo alikijenga kwa madirisha ya shule iliyobomolewa, na ndani yake miche ilijipanga kwenye trei kama watoto wa darasa la kwanza.

Hapa kwetu hakuna mwenye akili anayetoa nyanya nje kabla Watakatifu wa Barafu hawajapita, zile siku za katikati ya Mei ambazo baridi hurudi mara ya mwisho kuaga. Wakishapita, Jumamosi inayofuata ni Jumamosi ya Miche. Siku hiyo Achiel alivaa tai. Aliweka meza ndefu mbele ya kantini ya chama chetu cha bustani, na watu wa viwanja vyote arobaini na viwili tulijipanga. Hukujichagulia mche. Alikuchagulia yeye.

"Wewe Gaston, kiwanja chako kina kivuli na wewe ni mvivu. Chukua hizi, hazitaki kubembelezwa."

"Asante, Achiel. Kwa mche na kwa tusi."

"Tusi ni nyongeza. Mwingine!"

Mkewe, Godelieve, alisimama nyuma yake. Yeye ndiye aliyeosha vikopo, na ndiye aliyeandika vibao vya majina kwa sababu mwandiko wa Achiel hausomeki. Alimimina kahawa. Sikumbuki mtu yeyote, mimi mwenyewe nikiwemo, aliyewahi kumshukuru kwa miche. Kiwanja changu kinapakana na chao, na haya ninayoyasimulia nayajua kwa sababu Achiel mwenyewe aliniambia. Pale alipojipunguzia makosa, Godelieve aliyarudisha mahali pake.

Godelieve alikuwa mshona mapazia. Alipostaafu, mikono yake ikakosa kazi. Miezi miwili ya kwanza alishona upya mapazia yote ya nyumba yao, na ya kwangu. Kisha akaona tangazo maktabani: manispaa inafundisha watu kugeuza mabaki ya chakula kuwa mboji. Akaenda jioni sita, akarudi na cheti, akakibandika kwenye friji kwa sumaku yenye umbo la jogoo.

"Cheti cha kuozesha," Achiel akasema. "Mama yangu aliozesha viazi ghalani kila mwaka bila cheti."

"Ndiyo maana nyumba yao ilinuka," Godelieve akajibu.

Alipatana na Gunther, mpishi wa nyumba ya wazee iliyo nyuma ya kanisa. Kila Jumanne na Ijumaa alikwenda na baiskeli yenye tela akarudi na ndoo mbili: maganda ya viazi na karoti, machicha ya kahawa, maganda ya mayai, vichwa vya saladi, na mboga zilizorudi kwenye sahani bila kuguswa. Nyama hakuchukua, asije akafuga panya. Alipanga tabaka za mabaki na tabaka za majani makavu ya miti, akafunika kwa mazulia ya zamani, akageuza kwa uma kila wiki mbili. Wakati wa baridi lundo lilifuka moshi kama farasi aliyetoka mbio, na Godelieve alitia mkono ndani kupima joto, akatabasamu.

Mwaka wa kwanza alipanda mbegu moja kwa moja kwenye mboji tupu, nyeusi na tamu kunusa kama msitu. Miche ikatoka, ikageuka manjano, ikalala chini. Achiel aliita watu waje kuona. Nami nilikwenda, na kwa aibu yangu nikacheka.

"Ni kali mno," Godelieve akasema, akiwa amechuchumaa. Hakuwa anasema nasi. "Mtoto mchanga humlishi nyama ya kuchoma."

Mwaka wa pili alichanganya: sehemu moja ya mboji iliyokaa mwaka mzima, sehemu tatu za udongo wa majani yaliyooza taratibu. Aliupitisha wote kwenye chekeche mara mbili. Na kabla ya kupanda chochote cha maana aliotesha kresi, vile vijimajani vyenye ukali kama wa haradali tunavyotia kwenye mkate wenye yai. Kresi huota kwa siku tatu na haijui kuficha siri: udongo ukiwa mbaya, inakataa waziwazi.

Kresi ilikubali. Na hapo ndipo maisha ya Achiel yalipoharibika.

Godelieve alikuwa ameomba rafu moja tu ndani ya kibanda cha kioo, ya chini, mlangoni, penye upepo. Achiel alimpa kwa ukarimu wa mtu anayempa mtoto kona ya kuchezea. Mwishoni mwa Machi akaanza kuitazama rafu ile kwa jicho la pembeni. Mwezi uliofuata hakuweza kutazama kitu kingine. Miche yake mwenyewe, iliyokuwa kwenye udongo mweusi wa mifuko ya dukani kama siku zote, ilikuwa mizuri. Lakini ya Godelieve ilikuwa minene shingoni, mifupi, ya kijani kilichokolea. Siku mkewe alipokwenda sokoni, Achiel alichukua rula ya useremala akapima. Akang'oa mmoja kwenye kikopo aone mizizi. Ilikuwa mingi, myeupe, imeushika udongo kama vidole. Akaurudisha haraka, akaubana na udongo, akafuta mikono kwenye suruali.

Alijiambia ni bahati tu. Akajiambia vilevile kwamba mbegu ndizo nzuri, na mbegu alizinunua yeye. Lakini gere haisikii hoja.

Jumamosi ya Miche mwaka ule, Godelieve hakuwa na meza. Akaja na ubao wake wa kupigia pasi, akaufungua pembeni, akapanga juu yake vikopo sitini hivi. Hakuita mtu. Hakuvaa tai wala nini. Kwanza walikwenda wawili, kwa huruma. Kisha mmoja akanyanyua mche juu, akauzungusha, akasema, "Hebu njooni muone shina hili." Achiel alikuwa katikati ya kumchagulia mtu seleri. Akaona mstari wake unapinda, kama mto unavyopinda, unaelekea kwenye ubao wa pasi.

Ilipofika saa nne asubuhi ubao ulikuwa mtupu. Meza ya Achiel ilikuwa bado nusu.

"Umeona, Baba?" Godelieve alimwambia njiani, akisukuma baiskeli, mashavu mekundu kwa furaha. "Wameuliza kama nitakuwa nayo mwakani!"

"Watu wanapenda kitu kipya," Achiel akasema. "Mwakani watakuwa wameshasahau."

Hawakusahau. Mwaka wa tatu Godelieve alijaza rafu tatu. Simu ya nyumbani ilipolia, ilikuwa yake. Gazeti la mji lilituma mpiga picha, na picha ikatoka ukurasa wa pili: Godelieve ameshika trei ya liki, anacheka, na nyuma yake kuna mwanamume ameshika ndoo, ndiye Achiel, ukingo wa picha umemkata sikioni. Maelezo chini yake hayakumtaja. Achiel alikata picha ile akaiweka kwenye droo ya soksi zake. Aliniambia kwamba kila asubuhi alipochukua soksi aliitazama, kama ulimi unavyorudi kwenye jino bovu.

Halafu siku moja akaenda duka la mkate. Binti aliyekuwa akiuza alikuwa mgeni pale. Akamtazama, uso ukamng'aa.

"Ah, nakujua wewe! Wewe si ndiye mume wa Godelieve wa miche?"

Achiel alilipa, akatoka, akausahau mkate kwenye kaunta.

Tangu siku hiyo kila kitu cha mkewe kilimuuma. Akiimba jikoni, alimwona anajigamba, na akinyamaza, anapanga jambo. Mkewe alipomwomba ushauri kuhusu koliflawa, alidhani anamkejeli, akamjibu mkato. Godelieve alidhani ni nyonga mbovu ya mumewe inayomsumbua, akamnunulia mafuta ya kuchua.

Baridi ya mwaka ule haikuwa baridi. Mvua tu, na ukungu, hakuna barafu hata siku moja. Mfuko wa chumvi ambao kila nyumba huweka kwa ajili ya kumwaga mbele ya mlango, watu wasiteleze, ulikaa gereji haujafunguliwa. Kilo kumi. Mwishoni mwa Januari Godelieve alichekecha mboji yake, akaijaza kwenye pipa kubwa la plastiki ndani ya kibanda, akaotesha kresi kwenye bakuli la udongo. Ikaota vizuri kama siku zote. Akaliacha bakuli lile dirishani jikoni, akawa anachuma kidogokidogo na kutia kwenye mkate.

Wiki ya pili ya Februari akaenda kwa dada yake Hasselt, siku moja, kwenda na kurudi.

Achiel alichemsha maji. Akayeyusha chumvi kwenye ndoo akikoroga kwa fimbo mpaka ikapotea, akajaza debe la kumwagilia, na adhuhuri kweupe akasimama juu ya pipa la mkewe akamwagilia. Alimwagilia polepole, sawasawa, kutoka ukingoni hadi katikati, kwa mkono uleule uliokuwa umemwagilia miche miaka thelathini na tatu. Akarudia na debe la pili, na la tatu. Kisha akachanganya kwa koleo, akafunika. Mfuko mtupu aliukunja akauficha nyuma ya matairi ya theluji.

Jioni alimpokea mkewe stesheni na keki ya krimu.

"Kuna nini?" Godelieve akauliza. "Leo ni siku gani?"

"Hakuna. Mtu hawezi kumnunulia mkewe keki?"

Alikuwa mwema juma zima. Aliosha vyombo na hata kumsifia nywele.

Mbegu zikapandwa. Zilichelewa kutoka, na zile zilizotoka zilitoka zimejikunja, ncha zimekauka hudhurungi kama karatasi iliyosogezwa karibu na moto. Godelieve akapunguza maji, kisha akaongeza, akahamisha trei kwenye jua na kuzirudisha kivulini. Akapanda tena. Zikafa tena. Nilimkuta asubuhi moja amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, trei tupu mapajani.

"Sijui nimekosea wapi, Mariette," akaniambia. "Kresi ilikubali."

Achiel alifurahi. Nasema alivyosema mwenyewe: alifurahi siku mbili, kwa furaha iliyomfanya apige mluzi. Siku ya tatu aliamka akakuta kwamba furaha imekwisha na wivu bado upo palepale, umekaa kwenye kiti chake. Maana sasa watu walikuwa wakija kumpa Godelieve pole. Walimletea supu. Hata kwa kushindwa alikuwa anapendwa kuliko yeye kwa kushinda.

Kantini, Gaston alikuwa na maelezo yake. "Ni chakula cha wale wazee. Supu ya mwaka arobaini na saba, chumvi tupu! Mimi mama yangu alikaa pale, najua. Ukimwagia hata magugu yanakufa." Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka, kwa sababu jambo lilionekana lina mantiki. Kukawa na maneno kwamba chama kipige kura: mabaki ya nyumba ya wazee yasiingizwe tena bustanini. Achiel alikuwa kwenye kamati. Alikunywa bia yake, akaagiza nyingine.

Godelieve aliyasikia maneno hayo. Siku ya Ijumaa alipokwenda kuchukua ndoo, alimuuliza Gunther, kwa adabu, kama pengine amebadilisha mapishi.

Gunther ni mtu mkubwa, shingo kama gogo, na hakuna kinachomuuma kama kuguswa chakula chake.

"Chumvi?" akasema. "Chumvi, bibi? Nina wazee sabini na wanane, sitini wana presha. Daktari akinikuta na chumvi jikoni ananikata mkono. Wanalalamika kila siku ya Mungu! Kuna babu mmoja ananiita muuaji wa ladha. Njoo." Akamshika mkono akampeleka kwenye sufuria, akachota kijiko cha supu ya liki. "Onja."

Godelieve akaonja. Ilikuwa kama maji yaliyopita karibu na liki.

"Samahani, Gunther," akasema.

"Kaulize kwingine."

Alirudi nyumbani akitembea, baiskeli akiisukuma, akiwaza. Bakuli la kresi lilikuwa bado dirishani, udongo wa Januari ndani yake. Akalisafisha mizizi, akapanda kresi upya. Kando yake akaweka sahani yenye udongo kutoka kwenye pipa, akapanda kresi ileile, siku ileile, dirisha lilelile. Baada ya siku tatu bakuli lilikuwa kijani. Sahani ilikuwa nyeusi. Akachukua kijiko cha udongo wa pipa, akautia kwenye glasi ya maji, akakoroga, akaacha utulie, akachovya ncha ya kidole, akakitia ulimini.

Kisha akaenda gereji. Alijua kwamba mfuko ule haukufunguliwa, kwa sababu yeye ndiye anayemwaga chumvi mlangoni kila baridi. Aliukuta nyuma ya matairi, umekunjwa vizuri, pembe kwa pembe. Achiel hukunja kila kitu pembe kwa pembe.

Saa sita mchana Achiel aliingia kula. Mezani palikuwa na viazi, na mipira ya nyama kwenye mchuzi wa nyanya, na bakuli la kresi, na sahani, na mfuko uliokunjwa.

Alivua kofia. Akakaa.

"Panya," akasema. "Pengine panya walitoboa mfuko, halafu—"

"Achiel."

Godelieve akausogeza mfuko mbele yake.

"Panya wamekunja na mfuko?"

Saa ya ukutani ilipiga. Viazi vilitoa mvuke. Achiel aliniambia kwamba alitafuta uongo mwingine, na kwamba lau angeupata angeutumia, lakini kichwa kilikuwa kitupu kama makasha ya jioni.

"Nilichoka," akasema mwishowe. "Nilichoka kuwa mume wa fulani. Natembea mjini mwangu mwenyewe, watu wananiita mume wa Godelieve wa miche. Mimi! Miche ni yangu. Ilikuwa yangu kabla hujajua mbegu inaingia upande gani."

Godelieve hakupandisha sauti. Alikuwa ameshika uma wa kulia, akauweka chini.

"Mimi nimekuwa mke wa Achiel wa miche miaka thelathini na tatu," akasema. "Hodi ikipigwa, ni Achiel yupo? Simu ikilia, nipe Achiel. Nani aliwahi kuniuliza kama nimechoka? Wewe uliniuliza? Nimeosha vikopo vyako mpaka kucha zimelainika. Nikapata miaka miwili. Miwili tu, Achiel! Hukuweza kunivumilia miaka miwili?"

Achiel akaigeuzageuza kofia yake.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema Godelieve, akiinuka. "Mimi nilikuwa nakufulia hizo nguo. Kula, viazi vinapoa."

"Utawaambia?"

"Mimi? Sikufanya kitu mimi. Ukisema utasema wewe."

Akahamia chumba cha mapazia, penye cherehani na kitanda kidogo. Chakula alipika, nguo alifua, lakini neno halikumtoka ila la lazima. Wiki sita. Achiel alisema wiki zile sita alikuwa bado anamwonea wivu: alimwonea wivu usingizi wake, kwa sababu alimsikia ukutani anakoroma kwa amani.

Watakatifu wa Barafu wakapita. Ikaja Jumamosi. Achiel alipanga meza yake ndefu, na siku hiyo ilikuwa meza pekee, kama zamani. Alivaa tai, akaivua, akaivaa. Godelieve alikuja akasimama, si nyuma yake kama zamani, bali kando, mikono kifuani. Watu walijipanga. Hiki ndicho alichokuwa akikitamani, na alisema kila mche aliotoa ulikuwa mzito kama tofali, kwa sababu kila mtu alipomaliza kupokea aligeuka kwa Godelieve.

"Na yako, Godelieve?"

"Chumvi iliingia."

"Pole sana."

"Asante."

Hivyo hivyo, mtu baada ya mtu. Hakumtazama Achiel hata mara moja.

Gaston alifika, ameshachangamka. Na kwa bahati mbaya Gunther naye alikuwa amekuja, amevaa shati safi, kutaka nyanya za balkoni yake.

"Huyu hapa muuaji!" Gaston akapaza sauti. "Gunther, umetuulia miche na supu yako! Sisi Jumatatu tunapiga kura, ndoo zako hazivuki geti tena. Kawape nguruwe, kama nguruwe hawana presha!"

Watu wakacheka. Gunther akawa mwekundu tangu kola hadi upara. Alikunja ngumi, akazikunjua, akageuka kuondoka bila nyanya.

"Si yeye," Achiel akasema.

Hakuna aliyesikia. Mimi nilisikia kwa sababu nilikuwa mbele yake, mkono umenyooka kupokea seleri.

"Gunther, rudi," akasema kwa sauti. "Si supu. Ni mimi. Nilimwaga chumvi ya barabarani kwenye mboji ya mke wangu. Februari, alipokuwa Hasselt. Mfuko mzima."

"Achiel, acha mzaha," Gaston akasema.

"Si mzaha."

"Sasa ulifanya kwa nini?" Gaston akauliza.

Achiel akafungua mdomo. Alikuwa na miaka sitini na tisa, na tai, na mikono miwili iliyojaa seleri. "Kwa sababu yake ilikuwa mizuri kuliko yangu," akasema.

Nilitegemea Godelieve alie au aondoke. Alisimama tu, lakini mikono ilishuka kutoka kifuani. Kisha mwanamke wa kiwanja namba tisa, ambaye Achiel alimpa nyanya kila mwaka tangu alipofiwa na mumewe, alirudi mezani. Akaiweka trei yake chini taratibu, miche yote ndani, akaondoka mikono mitupu. Wa pili akafanya vivyo hivyo, kisha wa tatu. Mimi sikuirudisha seleri yangu, na hadi leo sijui kama nilikuwa mwema au mwoga.

Achiel alijiuzulu kamati kabla hajaambiwa. Majira mawili ya joto hakukanyaga kantini. Alinunua bia dukani akanywa kibandani peke yake. Gunther alimsamehe mapema kuliko wote, kwa kuwa alikuwa ametetewa mbele ya watu na jambo hilo halikuwa limewahi kumtokea. Gaston hakuomba radhi, lakini aliacha kupiga kelele juu ya supu, na kura haikupigwa.

Na Godelieve? Alimrudishia maneno kidogokidogo, kama mtu anayewasha taa moja moja. Kitandani alirudi vuli. Mboji ya chumvi hakuitupa. Aliitandaza nje mvua iioshe, na iliyobaki akaiweka kwenye bitiruti, vile viazisukari vyekundu ambavyo ukoo wake umetoka pwani na chumvi haviiogopi. Achiel alimbebea. Alipangiwa kugeuza lundo kila Jumamosi, nyonga ikiuma au isiume, na kwenda na tela kwa Gunther kila Ijumaa. Mwanzoni alifanya kama mfungwa. Baadaye akaanza kubisha: kwamba majani makavu hayatoshi, kwamba chekeche ina matundu makubwa mno. Mara mbili kati ya tatu alikuwa anasema kweli, na Godelieve alichukia hizo mara mbili.

"Bado unamwonea gere?" nilimuuliza mwaka mmoja, tukiwa tumekaa kwenye benchi la zana.

"Kila Aprili," akasema. "Ikianza namwambia. Namwambia, Mama, leo inanikaba. Ananiambia, basi shika chekeche."

Mwaka jana alipanda kwa mara ya kwanza liki zake mwenyewe kwenye mboji ile. Trei nne, mchanganyiko alioupima yeye, mboji kidogo kuliko ya mkewe na mchanga konzi moja. Jumamosi ya Miche waliweka meza ndefu moja, yeye mwisho huu, Godelieve mwisho ule. Watu walipita. Wengi bado walikwenda kwa Godelieve. Lakini yule mwanamke wa kiwanja namba tisa, ambaye kwa miaka minne hakumsalimia Achiel, alisimama mbele ya zile liki, akainama, akanyanyua trei moja usawa wa macho.

"Godelieve," akaita, "mbona za mumeo zimekuzidi?"

Godelieve alikuwa akimfungia mtu nyanya kwenye gazeti. Mikono ikasimama. Akaja upande wetu, akazitazama liki zile, akagusa shina moja kwa kidole, akabinya midomo. Nikaona uso wake, nikauelewa mara moja, kwa sababu nilikuwa nimeuona uso huohuo kwa mtu mwingine.

"Mboji ni yangu," akasema.

"Ni yako," Achiel akasema.

"Nimeigeuza mimi miaka saba."

"Miaka minne ya mwisho nimeigeuza mimi, lakini sawa."

"Umetia nini humo? Mchanga? Umetia mchanga bila kuniambia?"

"Hukuuliza, Mama."

Godelieve akachukua mche mmoja wa liki, akautumbukiza kwenye mfuko wa aproni yake bila kuomba, akarudi mwisho wake wa meza. Hakusema na Achiel mpaka saa ya kula. Achiel akaendelea kugawa liki, tai imekaa upande, na kila aliyefika alipata mbili zaidi ya alizoomba.